Kinanda cha Paris na koo za Lubumbashi

Usiku wa Jumamosi, tarehe 7 Desemba 2024, tulikuwa watu tisa mbele ya televisheni moja katika komine ya Katuba, hapa Lubumbashi, katika Katanga ya Kongo, karibu wote wa korali moja, tukingoja kuona kanisa kuu la Notre-Dame la Paris likifunguliwa upya. Wengine walikuwa wakiwatazama wakuu wa nchi waliokaa mstari wa mbele. Sisi tulikuwa tukingoja kinanda. Askofu Mkuu Laurent Ulrich alikiita kiamke, na kinanda hicho, kilichokuwa kimenyamaza tangu moto wa tarehe 15 Aprili 2019, kikajibu kwa muziki ambao mpigaji aliubuni papo hapo. Akakiita tena, kikajibu kwa namna nyingine. Mwito ulikuwa wa mara nane, lakini sisi hatukufika wa nane, kwa sababu kwenye wa tano umeme wa mtaa ulikatika.

Hakuna aliyelalamika, kwani kulalamika juu ya umeme Katuba ni sawa na kulalamikia vumbi la mwezi wa Agosti. Mama mmoja wa sauti ya kwanza aliendelea kuimba ile sauti ya mwisho aliyoisikia, mtu wa besi akaingia chini yake, wengine wakajaza katikati, tukakaa gizani tukishikilia mlio ambao Paris walikuwa wameshauacha.

Tangu usiku ule, katika kundi letu la WhatsApp, swali moja limekuwa likirudi kila baada ya wiki chache: na sisi lini? Lini Lubumbashi, mji wenye kanisa kuu la umri wa miaka mia na wenye waimbaji wasiohesabika, utasikia kinanda cha namna ile? Nimejibu mara mbili au tatu kwa ujumbe mfupi na kila mara nimeeleweka vibaya, kana kwamba nauchukia muziki wa Wazungu au nafurahia umaskini wetu. Hapa najibu kwa urefu.

Nianze na neno lenyewe, kwa sababu nusu ya ugomvi wetu inatoka hapo. Kwetu neno kinanda linabeba kila kitu chenye vibonyezo: kile cha kuchezea watoto, kile cha bendi, na kile kilicho kushoto mwa altare katika parokia yangu, chenye spika mbili na kitufe kinachosema kwamba ukikibonya utapata sauti ya ogani. Kwa miaka kumi nimekibonya kitufe hicho kila Jumapili nikiamini kwamba ninapiga ogani. Aliyenitoa katika imani hiyo ni mzee mmoja wa sauti ya tena, yaani sauti ya juu ya wanaume, mtu wa karibu miaka themanini, ambaye aliimba katika korali ya kanisa kuu akiwa mtoto kabla ya uhuru. Siku moja baada ya Misa alinishika bega akasema: "Mwana, ile iko picha ya sauti tu. Picha haina na pumuzi."

Ilinibidi nisome ili nimwelewe. Ogani ya kweli haina uzi unaotetemeka kama gitaa wala ngozi kama ngoma. Ni upepo tu. Mivukuto inajazwa hewa, uzito unaikandamiza ili shinikizo lisipande wala kushuka, hewa inapita katika mifereji ya mbao hadi kwenye sanduku kubwa, na juu ya sanduku hilo filimbi zimesimama safu kwa safu kama watu uwanjani. Mpigaji akibonya kibonyezo, kizibo kidogo kinafunguka chini ya filimbi moja na hewa inapanda ndani yake. Vishikio vilivyo kando ya mpigaji, vinavyoitwa rejista, vinachagua ni safu zipi zipewe ruhusa ya kusema. Filimbi nyingi ni za mdomo, yaani hewa inakatwa kwenye ukingo mkali kama katika filimbi ya mchunga mbuzi; nyingine zina ulimi, kipande chembamba cha madini kinachopigapiga upepo unapopita. Majina hayo, mdomo, ulimi, mguu, mwili, ndiyo wanayotumia mafundi wenyewe. Filimbi fupi kabisa inatosha katika kiganja. Ndefu kabisa, katika vinanda vikubwa, inakaribia mita 10, na sauti yake ni mitetemo 16 tu kwa sekunde, kiasi kwamba mwili unaisikia kabla ya sikio. Spika zetu mbili za altareni haziwezi kuitoa sauti hiyo hata kwa kuota.

Kinanda kikubwa cha Notre-Dame kina filimbi zinazokaribia 8,000, safu tano za vibonyezo vya mikono, na safu nyingine ya miguu. Fundi Aristide Cavaillé-Coll alikitengeneza upya mwaka 1868 juu ya kazi za mafundi waliomtangulia karne kadhaa. Watu wengi wanadhani kiliungua mwaka 2019. Hakikuungua. Moto ulikula paa, na paa lile lilikuwa limeezekwa kwa madini ya risasi. Vumbi la risasi likashuka na kutulia ndani ya filimbi zote, kwa hiyo kinanda kizima kililazimika kufunguliwa kipande kwa kipande, kusafishwa, kurudishwa mahali pake, kisha kila filimbi kufundishwa upya kusema. Kazi hiyo ya mwisho mafundi waliifanya usiku, wakati waashi na maseremala wamekwenda kulala, kwa sababu sikio la fundi linahitaji kanisa lililo kimya kabisa. Nilipolisoma jambo hilo nilitabasamu, kwani risasi iliyokichafua kinanda ndiyo hiyohiyo iliyomo ndani ya filimbi zake: filimbi za madini hutengenezwa kwa risasi iliyochanganywa na bati, na ndimi za zile zenye ulimi ni za shaba iliyochanganywa na zinki.

Mkatanga akisikia orodha hiyo anageuka kutazama nyumbani. Bati ninalolisema hapa si la kuezekea nyumba, bali ni madini yenyewe, yale yaliyolifanya jina la mji wa Manono lijulikane. Zinki na shaba pamoja ni Kipushi, mwendo wa kilomita kama 30 kutoka hapa ninapoandika. Cavaillé-Coll alifanya kazi yake kabla mchimbaji wa Kizungu hajatia jembe Manono, kwa hiyo filimbi zake hazina deni kwetu. Lakini mtu asiniambie kwamba ogani imetengenezwa kwa vitu vya mbali.

Wala haikuzaliwa mbali. Ogani ya kwanza inayojulikana ilibuniwa Alexandria, katika Misri, karne ya tatu kabla ya Kristo, na mhandisi Ktesibios, ambaye baba yake alikuwa kinyozi. Alitumia uzito wa maji kulituliza shinikizo la hewa. Warumi waliipeleka kwenye michezo na karamu zao. Mwaka 757 Kaisari Konstantino wa Tano wa Bizanti alimtumia mfalme Pepin wa Wafranki ogani kama zawadi, na ni baada ya hapo, polepole, ndipo ikaingia makanisani. Kwa hiyo chombo ambacho vijana wetu wanakiona kuwa Ulaya yenyewe kilikwenda Ulaya kama mgeni, kikitokea upande wetu wa bahari.

Sasa nifike kwenye neno mivukuto, kwa sababu hilo ndilo lililonifanya niandike. Kwa Kiswahili, kitu kinachoipa ogani pumzi kina jina moja na kile kinachompa mhunzi moto. Katika nchi hii, kabla ya kampuni yoyote na kabla ya reli, kulikuwa na watu walioitwa wala shaba. Wakati wa kiangazi walikwenda kwenye vilima vya madini, wakachimba malakiti, lile jiwe la kijani, wakajenga matanuru kwa udongo wa kichuguu, wakatia makaa, na kwa mivukuto ya ngozi wakapuliza mpaka jiwe likatoa machozi ya shaba. Shaba hiyo waliimimina katika kalibu zenye umbo la msalaba. Misalaba hiyo ilikuwa fedha, ilikuwa mahari, na wazee wa kale walizikwa nayo, kama makaburi ya Sanga kwenye bonde la Upemba yanavyoonyesha. Mmoja wa watu walioandika kwa makini juu ya kazi hiyo, mwaka 1926, alikuwa mmonaki Mbenediktini, Jean-Félix de Hemptinne, ambaye alikuja na wenzake wa abasia ya Saint-André ya karibu na Bruges mwaka 1910, mwaka uleule mji huu ulipoanza, akaliongoza Kanisa la hapa mpaka alipofariki mwaka 1958. Ni katika wakati wake kanisa kuu la Watakatifu Petro na Paulo lilipojengwa kwa matofali, na limesimama tangu mwanzoni mwa miaka ya 1920.

Wabenediktini ni watu wa kuimba. Siku yao inakatwa vipande kwa sala zinazoimbwa, na kile walichokileta hapa kabla ya chombo chochote kilikuwa wimbo wa Kigregori, sauti moja, Kilatini, bila kusindikizwa. Katika miaka ya 1930 mmoja wao, Dom Anschaire Lamoral, alianzisha korali ya wavulana iliyoitwa Waimbaji wa Msalaba wa Shaba. Mtu aliyechagua jina hilo alijua anachofanya: msalaba ule ni wa Kristo, na pia ni ule wa wala shaba, uliotoka kwenye tanuru la kichuguu kwa nguvu ya mivukuto. Ndiyo korali ambayo mzee wangu wa tena aliimba. Anasema walifundishwa kupumua kabla ya kufundishwa nota, mkono tumboni, wakiambiwa waijaze hewa chini na si kifuani, na aliyeinua mabega alitolewa mstarini.

Kutoka katika mazingira hayo ndiko alikotokea Joseph Kiwele. Alizaliwa mwaka 1912 Mpala, kando ya Ziwa Tanganyika, akawa mwalimu wa muziki na mtunzi katika mji huu. Wanasiasa wanamkumbuka kwa sababu alikuwa waziri wa elimu katika serikali ya Katanga iliyojitenga mwaka 1960, na kwa sababu wimbo wa taifa wa serikali hiyo ni wa mkono wake. Sitaingia huko, wenye kutaka kugombana juu ya Katanga wana mahali pengi pa kugombania. Mimi namkumbuka kwa Missa Katanga, Misa yake ya Kilatini. Nilipoisikia mara ya kwanza nilidhani najua kinachokuja, maana maneno ya Kyrie nayajua tangu utoto, lakini sauti zilipita njia nyingine kabisa, zikipanda na kushuka kama maneno ya huku yanavyopanda na kushuka, na Kilatini kikakubali. Kiwele alifariki mwaka 1961, akiwa hajafika miaka hamsini. Misa nyingine ya jimbo hilihili la zamani, Missa Luba, iliyoimbwa Kamina mwaka 1958 chini ya Mfransisko Guido Haazen, ndiyo iliyopata bahati ya kuzunguka dunia katika sahani za santuri. Ya Kiwele haikupata bahati kama hiyo, na kwa sikio langu hilo ni kosa la dunia.

Niseme jambo moja juu ya Paris kabla sijaiacha. Urithi wa muziki wa Notre-Dame ni wa zamani kuliko kinanda chake cha sasa kwa karne nyingi, na ulianza kooni. Karibu mwaka 1200, kanisa likiwa bado linajengwa, mtunzi Pérotin alikuwa akitunga nyimbo za sauti nne, jambo ambalo kwa wakati ule lilikuwa kama uchawi. Mstari mmoja wa Kigregori uliburutwa polepole mno chini, na sauti tatu zikacheza juu yake. Muziki wa namna hiyo, wa kuunganisha sauti za watu, waliuita kwa Kilatini organum. Mtu akitaka kujua ogani ya kwanza iliyolipa jina lile kanisa ilikuwa ipi, ilikuwa watu wanne wamesimama.

Hata sheria ya Kanisa imeyaweka mambo haya mawili jirani. Katika hati ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano juu ya liturujia, ya tarehe 4 Desemba 1963, kifungu cha 120 kinasema kwamba ogani ya filimbi ipewe heshima kubwa katika Kanisa la Kilatini. Wapenzi wa ogani katika kundi letu wamekinakili kifungu hicho mara nyingi. Hawajawahi kunakili cha 119, kilichoko juu yake mstari mmoja tu, kinachosema kwamba katika nchi za misioni watu wana mapokeo yao ya muziki yenye uzito mkubwa katika dini na maisha yao, nayo yapewe heshima yake na nafasi inayofaa. Adhimisho la Misa kwa majimbo ya Zaire, lililoidhinishwa na Roma mwaka 1988, ni mtoto wa kifungu hicho, na ndilo lililotupa ngoma na mwendo wa kucheza tunaoutumia hadi leo bila kufikiri.

Basi, tununue? Ningependa, Mungu ananijua. Ningepanda daraja la kinanda kama mtoto siku ya Noeli. Lakini fikiri kidogo juu ya mwili wa chombo chenyewe katika hewa ya hapa. Mji wetu uko kwenye mwinuko wa mita kama 1,200. Juni na Julai asubuhi ni baridi na hewa ni kavu mpaka midomo inapasuka, kisha kuanzia Novemba mvua inapiga na kila mlango wa mbao unakataa kufungwa. Mlango wa nyumba utaunyoa kwa randa. Sanduku la upepo ukilinyoa umelipoteza, na ngozi ya mivukuto ikikauka inapasuka mkunjo kwa mkunjo. Sauti yenyewe hufuata joto: hewa ikipoa filimbi zote zinashuka, za mdomo zaidi kuliko za ulimi, kwa hiyo Misa ya saa kumi na mbili asubuhi na ile ya saa nne zingekuwa na vinanda viwili tofauti. Chombo cha namna hiyo hakinunuliwi mara moja. Kinanunuliwa pamoja na fundi wake, na mwanafunzi wa fundi, na mwanafunzi wa mwanafunzi. Umeme si kikwazo kikubwa kama watu wanavyodhani, maana kwa karne nyingi ogani zilipulizwa na watu waliokanyaga mivukuto nyuma ya ukuta, na vijana wenye miguu tunao. Kinachotupungukia ni fundi, na mahali pa kumfundishia. Siku shule ya namna hiyo itakapofunguliwa hapa, nitakuwa wa kwanza kupeleka mchango.

Wakati huohuo kuna urithi unaotoroka bila kelele. Mwaka jana, katika parokia moja ambayo sitaitaja, nilifunguliwa kabati la korali la miaka mingi. Ndani mlikuwa na mafungu ya nota zilizochapwa kwa stensili, wino wake umegeuka rangi ya zambarau iliyofifia, na mchwa walikuwa wamepita katikati ya fungu kutoka upande mmoja hadi mwingine, wakiacha handaki safi kama lililochimbwa kwa mashine. Walewale wenye vichuguu vilivyojenga matanuru ya shaba wamekula sauti ya alto ya Misa nzima. Nilicheka, halafu nikakaa juu ya benchi kwa muda. Karatasi hizo hazikuwa na nakala, na waliozikariri wanazikwa mmoja baada ya mwingine. Kila tunapoimba mazishi ya mwanakorali wa zamani, ninajikuta nikijiuliza anaondoka na kurasa ngapi.

Ndiyo sababu, badala ya kupigia kura mchango wa ogani, nimeanza kwenda kwa mzee wangu wa tena kila Jumatano jioni na simu ya kurekodia, daftari la mistari mitano, na mkate, kwa sababu mke wake hakubali mgeni aje mikono mitupu ingawa hawezi kusema hivyo. Tunafanya kazi juu ya Gloria. Nina kurasa za tena isipokuwa ya mwisho, ambayo imekatika chini, na mistari miwili iliyobaki haisomeki. Wiki iliyopita nilimwimbia mpaka pale karatasi inapoishia, nikanyamaza. Yeye alifumba macho akaendelea, polepole, sauti imechakaa lakini haijatoka njiani, nami nikaandika nyuma yake kadiri nilivyoweza. Karibu na mwisho alikata katikati ya neno, akavuta hewa, kisha akamalizia. Nikamwambia, kwa heshima, kwamba hapo hapana kituo, neno halijaisha.

"Najua," akasema. "Lakini hapo ndipo siye tulikuwa tunapumua. Mon père, ule padri, alikuwa anagonga meza."

Nikaweka alama ya mkato juu ya mstari, pale aliponionyesha, tukarudia tangu mwanzo wa ukurasa.